Fataki ni nini? Neno moja lenye maana nyingi, na usiku wa Bonane huku Baraka



Katika toleo hili tunaeleza neno moja tu: fataki. Najua kuna watakaoshangaa. Mashamba yameachwa, watoto hawajarudi shule, na sisi tunakaa kueleza neno la mchezo. Lakini neno hili lilishawatoa watu usingizini na kuwapeleka ziwani gizani, na mimi nilikuwapo.

Ulikuwa usiku wa kuamkia Bonane ya 2023. Familia zilizoshuka kutoka milima ya juu, huko tunakoita Hauts Plateaux, zilikuwa zimelala katika madarasa ya shule moja isiyo mbali na ziwa. Mtaa wa pili palikuwa na sherehe. Kijana mmoja aliyetoka Kigoma siku chache kabla alikuja na fataki nne katika mfuko wa plastiki. Kwenye saa nne usiku akaenda nyuma ya nyumba, akaziwasha moja baada ya nyingine. Mlio kama wa filimbi ukapanda juu, ukatokea mwanga mwekundu, kisha kishindo. Ikaja ya pili. Kabla ya ile ya nne madarasa yote yalikuwa matupu.

Hakuna aliyesimama kuuliza. Mtu aliyekwisha kukimbia mara tatu au nne haulizi, anashika mtoto na kwenda. Akina mama waliteremka hadi mwaloni, wengine wakaingia katika mitumbwi isiyo na makasia. Bibi mmoja alianguka akaumia mkono. Mtoto wa miaka sita alipotea usiku kucha. Alipatikana asubuhi amelala chini ya mtumbwi uliofunikwa, amechoka kulia.

Asubuhi shefu wa mtaa akaita kikao. Yule kijana alikuwa anatetemeka kuliko wote. Akasema, "Jamani mnisamehe, zilikuwa fataki tu." Mzee mmoja aliyekuwa mwindaji zamani akainua kichwa: "Fataki tu? Mwanangu, bila fataki bunduki hailii. Umezipata wapi?" Na nyuma kabisa wasichana wawili waliokulia kambini Tanzania wakaanza kucheka kwa kuficha mdomo, maana kwao fataki ni mtu kabisa, tena mwenye tumbo na pesa. Kicheko hicho kiliwakasirisha wazazi, na kikao kilikaribia kuvunjika.

Kwa hiyo watu wa aina tatu walikuwa katika kikao kimoja, wanazungumza lugha moja, na kila mmoja anaona kitu chake. Tuvitazame vitu hivyo kwa zamu.

FATAKI YA MZEE MWINDAJI

Mzee hakukosea. Katika kamusi za zamani za Kiswahili, fataki kwanza ni kile kikofia kidogo cha shaba kilichowekwa kwenye gobori, bunduki ya kushindilia kwa mdomo. Ndani ya kikofia mna dawa kidogo sana. Nyundo ya bunduki ikikipiga, dawa inatoa cheche, cheche inaingia kwenye baruti, na bunduki inalia. Bunduki za kushindilia zilivuka ziwa letu katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara waliotoka pwani kupitia Ujiji. Huenda neno nalo lilivuka nao. Bunduki za sasa hazina kikofia cha nje, lakini tazama tako la risasi nyingi: lile duara dogo katikati linafanya kazi ileile.

Kutoka hapo neno likaenda machimboni. Wachimbaji wadogo wa Tanzania wanapolipua mwamba hutaja vitu vitatu pamoja: baruti, fataki na utambi. Fataki yao ni kijibomba chembamba cha madini, urefu wake kama kidole, ambacho kazi yake ni kuiamsha baruti. Vijana wetu waliofanya kazi huko wamerudi na msemo huo, na teritwari ya Fizi ina machimbo ya dhahabu, Misisi likiwa ndilo linalojulikana zaidi.

Hapa naomba wazazi wasome polepole. Kijibomba hicho kinang'aa, ni chepesi, na mtoto anakiona kama kalamu au kichezeo. Akikigonga kwa jiwe, akikiuma kwa meno au akikitupa motoni, kinaweza kumkata vidole au kumtoa macho. Mtoto aliyesikia kwamba "fataki ni mchezo wa Bonane" akiokota kitu ambacho mkubwa amekiita fataki, atafanya nini? Atatafuta kiberiti. Ndiyo maana mimi binafsi siku hizi sikubali neno hili litumike peke yake mbele ya watoto. Kile cha machimboni tukiite kilipuzi. Na yeyote akiona kilipuzi, risasi, guruneti au chuma asichokijua, asikiguse, asikirushie jiwe. Aweke alama kwa mbali, arudi kwa njia ileile aliyojia, akamwambie shefu wa mtaa au mwalimu ili wataalamu wa kutegua waitwe.

FATAKI YA KIJANA WA KIGOMA

Fataki ya pili ndiyo hiyo ya sherehe. Wenzetu wa Ulaya na Uarabuni huwasha nyingi kwa pamoja mwaka mpya unapoingia. Waliowahi kuona kwenye televisheni jumba la Burj Khalifa la Dubai likiwaka moto wa rangi usiku huo, bila kuungua, ndizo fataki zenyewe. Kwa Kifaransa tulichofundishwa shuleni huitwa feux d'artifice, na zile ndogo za kishindo bila rangi huitwa pétards. Kamusi za Kiswahili zina pia neno fashifashi, ingawa sijawahi kulisikia kwa mtu yeyote hapa Baraka. Wahindi nao wana neno lao la fataki za sherehe, patakha, ambalo kwa sikio halina tofauti kubwa na letu.

Zimetengenezwa na nini? Na baruti, tena ileile ya zamani. Wachina waligundua zaidi ya miaka 1000 iliyopita kwamba ukichanganya shura, kiberiti na makaa yaliyosagwa unapata unga unaowaka kwa ghafla. Ukiufunga katika karatasi ngumu, hewa ya moto inakosa njia na kupasua kila kitu. Ukiacha tundu upande mmoja, hewa inatoka kwa nguvu na kukisukuma kitu juu kama roketi. Ndiyo ile filimbi tuliyoisikia. Rangi zinatokana na chumvi za madini mbalimbali: shaba hutoa buluu, bari hutoa kijani, stronti nyekundu, na sodiamu, iliyomo hata katika chumvi ya jikoni, hutoa manjano. Hakuna uchawi wowote.

Neno baruti lenyewe tulilipata kwa Waarabu, nao, na Waturuki, wanasema vivyo hivyo. Huku kwetu limezoeleka zaidi kuliko fataki. Tunasema mtu fulani ni baruti, maana yake hasira zake hazihitaji kuchokozwa mara mbili.

Watoto wetu nao wana yao ya bei rahisi. Wanachukua kipande cha chuma chenye tundu kutoka kwenye spoki ya baiskeli, wanakwangua unga wa njiti za kiberiti ndani, wanatia msumari, wanapiga ukutani: paa! Mimi nilifanya hivyo nikiwa mdogo, nikachapwa, nikafanya tena. Siwezi kujifanya sijui utamu wake. Lakini sauti hiyo, ukiwa umelala ndani ya hema na hujaona aliyeipiga, ni sauti ya bastola.

Hata mahali ambapo hakuna vita fataki si jambo la kuchezea. Usiku huohuo wa kuamkia 1 Januari 2023 ambao sisi tulikuwa tunatafuta mtoto mwaloni, huko Kampala watu walikuwa wamejaa katika jumba la biashara la Freedom City, barabara ya Entebbe. Wakaambiwa watoke nje kutazama fataki. Walipokwisha kutazama walisukumana katika njia nyembamba, na watu wasiopungua 9 wakafa kwa kukosa hewa na kukanyagwa, watoto wakiwa miongoni mwao. Fataki zenyewe hazikumgusa mtu hata mmoja.

FATAKI YA WASICHANA

Sasa tufike kwenye kicheko. Mwaka 2008 ilianza nchini Tanzania kampeni ya redio iliyoitwa Fataki. Katika vipindi vile vifupi palikuwa na mwanaume mtu mzima, Fataki, anayemfuata msichana mdogo, mwanafunzi mara nyingi, kwa chipsi, simu na lifti. Kila mara mtu wa jirani alijitokeza, akaharibu mpango wake: mhudumu wa hoteli, rafiki, mama mpita njia. Lengo lilikuwa kupunguza maambukizi ya ukimwi na mimba za utotoni, na kuwaonyesha majirani kwamba wana haki ya kuingilia. Mimi nilikuwa bado Lugufu. Redio moja ilisikilizwa na watu ishirini, na kabla ya mwezi kwisha kambi nzima ilikuwa na akina fataki wake, wakitajwa kwa majina nyuma ya migongo yao.

Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Meli za kuwarudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka zilikuwa zimeanza tangu Oktoba 2005, na wale walioteremka baadaye walishuka na masufuria, magodoro na neno hilo. Ndiyo sababu Baraka utasikia msichana akisema "yule fataki" na mama yake, ambaye hakuwahi kuvuka ziwa, haelewi.

Jambo hili si la kuchekesha hata kidogo pale familia inapoishi katika darasa la shule au katika nyumba ya kupokelewa. Mwenye chakula ana nguvu, mwenye turubai ana nguvu, hata anayeandika majina kwenye orodha ya msaada ana nguvu. Msichana akikuambia "kule kwenye bomba la maji kuna fataki", usikimbilie kutafuta bomu, wala usimkemee kwa kuleta maneno ya Tanzania. Muulize: ni kitu au ni mtu? Akisema ni mtu, kaa chini umsikilize. Inawezekana amechukua wiki nzima kutafuta neno ambalo halitamwaibisha.

SISI HUKU TUNASEMAJE

Kusema kweli, mtu wa Fizi akisikia mlio hasemi fataki. Anasema masasi. Warundi waliopokelewa Lusenda tangu 2015 na Mulongwe tangu 2017 wanasema amasasu, kwa hiyo hapo tunaelewana bila mkalimani. Ukiwa mzito zaidi tunasema bombe. Lakini maneno haya mawili tunayatumia kwa kila mlio: gurudumu la lori lililopasuka, pipa lililoanguka, radi, pikipiki yenye injini mbovu. Kwanza tunasema masasi, na tukigundua si masasi hatusemi kilikuwa nini. Tunasema tu "hakuna kitu", na habari ya kwanza inabaki njiani inatembea. Inapofika Fizi-kijijini mchana, tayari ina idadi ya maiti.

Niliona jinsi inavyotembea ile Januari. Saa nne usiku: "kuna masasi karibu na shule." Saa tano, kwa simu: "wameingia Baraka." Kufikia asubuhi watu walikuwa wananipigia kutoka Uvira kuuliza ni kundi gani, na kundi ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu kila kundi la silaha huku lina kabila ambalo watu wanalihusisha nalo. Kati ya kishindo cha kijana mlevi wa furaha na kutaja kabila la jirani ilipita chini ya saa kumi. Laiti mtu mmoja angesema saa nne na dakika tano, kwa sauti ya juu, "ni baruti za sherehe, kwa fulani, mtaa fulani", pengine tungeishia kugombana tu.

BONANE YETU SI KAMA BONANE YA WENGINE

Kuna jambo ambalo yule kijana hakulijua, au alilijua bila kulifikiria, kwani alizaliwa baadaye. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na tarehe 2 Januari 1999 raia waliuawa Makobola na katika vijiji vya jirani: Bangwe, Katuta, Mikunga, Kashekezi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inasema waliouawa walizidi 800. Yaani katika teritwari hii, siku ambazo dunia inawasha moto wa rangi ni siku ambazo familia nyingi zinahesabu wafu wao. Kuna nyumba ninazozijua ambamo usiku wa Bonane taa inazimwa mapema na hakuna anayekula.

Kwa watu waliopita humo, kishindo hakiendi masikioni kwanza, kinaenda miguuni. Nimekutana na mama aliyeniambia kwamba akili yake ilishajua ni gurudumu la gari, lakini alijikuta ameshafika kwenye migomba. Mwili unajifunza haraka na unasahau polepole. Kwa hiyo tusiwacheke wanaokimbia. Tusiwaambie "wewe unaogopa hata fataki". Wale wa milimani walioshuka tangu mapigano ya 2019, na wale waliokimbia kutoka Uvira mwezi Desemba 2025 wakipita barabara hii ya kando ya ziwa, masikio yao bado yako kule walikotoka.

Na ziwa linazidisha. Usiku hewa iliyo juu ya maji hupoa, na hewa baridi ikilala chini ya hewa yenye joto, sauti hairuki juu kwenda zake. Inapindishwa kurudi chini na kwenda mbali. Ndiyo maana kishindo cha ng'ambo ya ghuba, huko Ubwari, usiku unakisikia kama kiko nyuma ya nyumba.

RISASI YA FURAHA SI FATAKI

Hapa lazima niseme wazi, hata kama kuna wasomaji wenye sare watakaoudhika. Baadhi ya wenye bunduki, wa jeshi na wa makundi, hupiga hewani Bonane inapoingia, au timu ikishinda, au kwenye harusi ya mwenzao. Ukiwauliza wanajibu, "Tunapiga fataki." Hapana. Fataki ya sherehe inaungua na kwisha angani, kinachorudi ni majivu na karatasi. Risasi haiungui. Inapanda, inachoka, inarudi chini na uzito wake wote, na inaporudi bado ina nguvu ya kutoboa turubai na kuvunja fuvu la kichwa. Aliyepigwa kwa mshazari, si wima, ni hatari zaidi kwa sababu hata haikuchoka. Na inaanguka wapi? Si kwa aliyepiga. Inaanguka mitaa miwili mitatu mbele, mahali watu wamelala chini ya plastiki.

Makamanda wengine wanaelewa jambo hili wakielezwa kwa heshima na mapema, tarehe 20 Desemba badala ya tarehe 31 usiku. Tumeshaona. Wazee wa dini wakienda pamoja, mchungaji na imamu, mlango unafunguka haraka zaidi kuliko tukienda sisi wenye jezi za mashirika.

UNAWEZAJE KUJUA TOFAUTI?

Watu huniuliza hili kila kikao, na huwa najibu kwa woga kidogo. Kwa kawaida fataki ya sherehe ina mlio wa filimbi unaopanda, mwanga unaofunguka kama ua na kuanguka taratibu, rangi zaidi ya moja, kisha kishindo. Baada yake husikika vigelegele. Bunduki haina ua wala rangi nyingi, na mlio wake ni mkavu. Lakini kuna risasi zinazoacha mstari mwekundu angani, na kuna mianga ya kijeshi inayoning'inia juu ikimulika ardhi. Mtu asiyezoea ataziita fataki na kutoka nje kutazama. Kwa hiyo kanuni ninayowafundisha wanangu ni hii: lala chini kwanza, mbali na dirisha, ndipo usikilize. Ukiwa umelala chini na kumbe ni sherehe, umepoteza dakika mbili tu.

Kuhesabu nako kunasaidia. Ukiuona mwanga, hesabu mpaka usikie kishindo. Sauti inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde, hivyo sekunde tatu ni kama kilometa moja. Ukihesabu tisa, kitu kiko kilometa tatu hivi. Hii haikuambii ni nini, inakuambia ni mbali gani, na kwa mama mwenye watoto watano hilo ndilo swali la kwanza. Tena ina faida nyingine ambayo sikuitegemea: mtoto anayehesabu halii.

KWA VIONGOZI

Mashefu, nyumbakumi, wenyeviti wa kamati za wadeplase na wawakilishi wa wakimbizi, ombi letu ni dogo. Mkisikia kuna harusi au sikukuu mtaani, ulizeni mapema kama kuna mtu ana fataki. Karibu na shule zinazolaza watu, hospitali na kambi, tunashauri zisiwashwe kabisa. Ngoma na nyimbo zinatosha, na Baraka haikosi ngoma. Mahali pengine zikiruhusiwa na wenye mamlaka, watu waambiwe tangu mchana, kwa redio na kwa megafone, kwa lugha zote zinazosemwa hapo. Kibembe, Kifuliiru, Kinyamulenge, Kirundi, kila mtu asikie kwa lugha anayoiotea ndoto. Na kishindo kisichotarajiwa kikitokea, mtu mmoja aliyekubaliwa awe na kazi ya kuuliza na kurudisha jibu. Jibu liseme kitu chenyewe. "Hakuna kitu" si jibu, maana kila mtu amesikia kwamba kulikuwa na kitu.

Hili hapa ni tangazo tulilolitunga pamoja na kamati baada ya kikao kile. Mnaweza kulinakili na kubadilisha majina:

"Wazazi na ndugu, hodi. Usiku wa tarehe 31, kati ya saa tatu na saa sita, katika mtaa huu hakutawashwa fataki za sherehe. Hatutapiga baruti, na watoto hawatapiga misumari ya kiberiti. Mtasikia ngoma na kengele za kanisa. Mkisikia mlio mwingine wowote, laleni chini, msitoke, msiende ziwani gizani. Shefu atauliza na kuwaletea habari ni nini, ni wapi, na ni nani. Aliyepata habari nyingine asiitume kwa simu kabla ya kumuuliza shefu. Mwenye kuona chuma au kilipuzi asikiguse."

Lilisomwa kwa mara ya kwanza mwisho wa 2023, jioni tatu mfululizo. Shefu alisema atamtafuta mtu mwenye sauti ya kuzunguka nalo. Yule kijana wa Kigoma akajitolea mwenyewe. Siku ya pili betri za megafone zilikwisha, akaendelea kwa mdomo mpaka mwaloni, na yule bibi aliyeumia mkono alimtuma mjukuu wake ampelekee maji ya kunywa.